Ponti ya kamio yetu ya matofali

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mupira, za bustani ya masomo, na za ndugu waliopata diploma. Leo sisi wanafunzi wanne wa mwaka wa tano tunataka kuwapasha habari ya kamio. Siyo kamio ya kubeba watu na mizigo. Ni kamio ya kucheza, urefu wake ni kutoka kiwiko cha mkono mpaka ncha za vidole. Tuliifanya kwa miezi mitatu. Wengi walitucheka, na walikuwa na sababu. Lakini kazi ile ilitufundisha jambo ambalo hatukuliona kwenye ubao, na katikati yake karibu tumpoteze mwenzetu mmoja. Ndiyo sababu tunaandika.

Mtu atauliza: kamio, ninyi watu wa maji? Ni kweli. Isangi yetu iko pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, na kutoka Kisangani mpaka hapa ni kama kilomita 125 kwa mto. Chumvi, sabuni, daftari, hata chaki ya mwalimu, vyote vinafika kwa mashua kubwa za mbao zenye mota. Kamio tunaiona mara moja moja. Labda ni juu ya hiyo tunaipenda. Nani kati yetu hakukata mti mwepesi wa parasolie akiwa mtoto, akachonga kichwa cha kamio, akatia magurudumu ya sapatu za mpira zilizochakaa, akafunga kamba mbele na kuvuta kutwa? Sisi tulitaka moja tu zaidi: ile kamba iondoke, kamio itembee yenyewe.

Mambo yalianza na sanduku. Mama mmoja anayefundisha masomo ya Jumapili alikuwa nalo, limejaa matofali madogo ya plastiki, yale yenye vichwa vya mviringo juu, unayabana moja juu ya lingine bila gundi. Namna ile ya kushikana iliandikishwa na kampuni Lego ya Denmark mwaka 1958. Tangu mwaka 1977 kampuni ile inauza pia masanduku yenye ekseli na pinyo, yaani magurudumu ya meno. Lakini sanduku la Mama halikuwa na hayo. Lilikuwa na matofali, na magurudumu sita ya mpira, basi. Tulipomwomba alitutazama sana, halafu akasema:

“Bana bangu, nitabapatia. Lakini mutaniregeshea yote. Hapana kukata, hapana gundi, hapana kutoboa na musumari ya moto. Ile ni ya batoto.”

Tukakubali. Hatukujua kwamba kwa neno lile alitupa kazi ngumu kuliko zote. Kwa sababu, kama huwezi kutoboa tofali, mota utaifunga wapi? Ilitubidi tufanye ponti kamili, yenye mota yake na pinyo zake na magurudumu yake, kitu kimoja kinachoingia katikati ya matofali kama mgeni: anaingia, analala, kesho anatoka, nyumba inabaki nzima.

Tulipima. Kutoka katikati ya kichwa kimoja cha tofali mpaka katikati ya kingine ni milimita 8. Kamio yetu ilikuwa na upana wa vichwa 8, yaani milimita 64. Kila gurudumu lilikula milimita 16. Toa magurudumu mawili, unabaki na milimita 32. Jaribu kuweka vidole vyako viwili pamoja, uone: nafasi ile ndiyo ilitakiwa kubeba mota, pinyo, na vyuma vya kuzishika. Mmoja wetu alisema, “Hapa hata mende hawezi kugeuka.”

Mota tuliipata katika mashine ya DVD iliyokufa. Fundi wa redio sokoni alituachia kwa bei ndogo, kwa sababu jicho lake la kusoma lilikuwa limekwisha. Wengi wanatupa mashine kama hizo, hawajui ndani yake mna nini. Mna mota tatu: moja inazungusha sahani, moja inasogeza lile jicho, na ya tatu inafungua na kufunga kile kisanduku cha mbele. Tulichagua ya tatu. Na pembeni yake mlikuwa na hazina: mkanda mwembamba wa mpira, kapi moja ndogo, kapi moja kubwa, na pinyo nyeupe za plastiki. Tuliufungua ule mkanda, tukauweka katika kopo la maziwa pamoja na skrubu zilizobaki. Kumbukeni kopo lile.

Sasa tuseme habari ya mbio na nguvu. Mota ndogo ina mbio nyingi, lakini nguvu haina. Tulipofunga gurudumu moja kwa moja juu ya chuma chake, lilizunguka sana hewani kama feni. Tulipoliweka chini na kamio juu yake, lilinyamaza kabisa. Mwalimu wetu wa fizika hakutupa jibu. Alitutuma bandarini, tukatazame wale wanaopakua mashua. Tulikaa pale saa nzima. Mtu mwenye gunia la mchele kichwani, akifika kwenye ubao wa kupandia ukingo, anafanya nini? Hakimbii. Hatua zake zinakuwa fupi fupi. Anapoteza mbio, anapata nguvu. Yule mwenye mikono mitupu ndiye anaruka.

Pinyo ni hatua fupi za mota. Pinyo ya meno 10 ikizungusha ya meno 40, ile kubwa inazunguka mara moja wakati ndogo inazunguka mara 4. Mbio zinagawanyika kwa 4, nguvu inakaribia kuzidi mara 4, isipokuwa kiasi kinacholiwa na msuguano. Tulifanya hivyo mara mbili, 4 kwa 4, ni 16. Halafu tukaongeza jozi ya tatu, meno 12 na meno 36, ni 3. Jumla 48. Mota izunguke mara 48, gurudumu lizunguke mara 1.

Kujua mbio za mota bila chombo cha kupimia, tulifanya hivi: tulibandika karatasi nyekundu juu ya gurudumu, mmoja akahesabu, mwingine akatazama saa. Mizunguko 100 kwa dakika. Basi mota yenyewe ilikuwa inazunguka mara 4.800 kwa dakika, na jicho la mtu halikuiona. Gurudumu letu lilikuwa na kipenyo cha milimita 30, kwa hiyo kila mzunguko ulisogeza kamio sentimita 9 na kidogo. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: kwa dakika moja ni kama metre 9. Ni mwendo wa kamio yenye adabu.

Ekseli tulizikata katika spoku za baisikeli ya toleka. Pale zinapozungukia tuliweka vipande vya mrija wa ndani wa kalamu za biki, vikanawa vizuri wino wote, kwa maana wino ukikauka unakamata. Vyuma vya kando ni bati la kopo la sardini, limekunjwa mara mbili. Kuunganisha waya tulichoma msumari katika makaa, na etaini tuliitoa katika mashine ile ile ya DVD.

Likaja swali la kona. Gari likizunguka, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kwetu, umbali kati ya magurudumu ulikuwa milimita 48. Kamio ikifanya duara moja zima, kubwa au dogo, gurudumu la nje linapita la ndani kwa sentimita 30. Hiyo ni mizunguko 3 na kidogo zaidi. Kama yote mawili yamefungwa juu ya ekseli moja, moja lazima liburuzike, na kamio inakataa kukata kona. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, kazi yake saa, ndiye alipata kibali cha diferansiali ya magari katika miaka ya 1820: pinyo chache katikati ya ekseli zinazoruhusu kila gurudumu kwenda na mwendo wake huku yote mawili yakisukumwa. Kamio zote kubwa zinazo. Sisi katika milimita 32 hatukuweza. Tulifunga gurudumu la kulia kwa pinyo, la kushoto tukaliacha huru. Lilizunguka kwa hiari yake, na kona ikakatika. Tulipoteza kidogo katika mchanga, lakini tulipata nafasi.

Telekomandi ilitoka katika kigari cha Kichina kilichovunjika, kilitoka soko la Kisangani. Hatukuitengeneza sisi, tuseme kweli, tuliihamisha tu. Hata usukani wake wa mbele tuliutumia. Lakini tulitaka kujua inavyosema na kamio bila waya, na hapa wazee wetu walitusaidia. Babu mmoja Mlokele alituambia: “Ninyi munashangaa nini? Sisi tulikuwa tunaita mutu kwa lokole, ng'ambo ya mto, hana waya.” Ni kweli. Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na kwa sauti hizo mbili watu walipeleka habari ya kifo, ya mashua, ya mkutano. Mmisionari John Carrington wa Yakusu alijifunza lugha ile ya ngoma na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Vigari vingi vya bei rahisi hufanya vivyo hivyo: kifaa cha mkononi kinapiga mapigo hewani; hesabu fulani ya mapigo maana yake mbele, hesabu nyingine nyuma, nyingine kulia au kushoto. Kule ndani ya kamio kuna sikio linalohesabu. Likisikia “nyuma” linageuza njia ya umeme, chanya inakuwa hasi, na mota inazunguka kinyume. Kumbe sisi watu wa Isangi tulikuwa na telekomandi zamani.

Umeme tulitumia batri mbili za simu za zamani, kila moja volti 3,7, zikafungwa sambamba ili zidumu. Tuliziweka kwanza zote mbili zijae sawa, ndipo tukaziunganisha. Mwalimu alitukataza kabisa kuzichoma kwa msumari wa moto au kugusisha ncha zake mbili, kwa sababu zinavimba na zinaweza kuwaka. Wadogo zetu mnaosoma, msifanye peke yenu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika sisi wanne, mwenzetu mmoja ndiye mwenye vidole. Sisi watatu tunajua kuhesabu na kusema mingi, lakini jino la pinyo likikataa ni yeye anayelisikia. Baba yake alifariki. Anayemlipia ni mjomba wake, fundi wa mota za mashua, anayepanda na kushuka kati ya hapa na Kisangani. Mnajua wenyewe: tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi, lakini huku sekondari minervali bado iko juu ya wazazi. Mjomba alikuwa amesema neno lake: trimestre ikiisha, kijana anaacha masomo na kupanda mashua. Hakusema kwa ubaya. Ana watoto wake sita. Alisikia kwamba mtoto wake wa masomo anacheza kamio, tena mwaka wa tano! Siku ya wazazi atakuja, atamchukua na sanduku lake.

Tulimwambia mwenzetu, siku ile tutamwonyesha. Tutaweka ubao wa metre moja, upande mmoja tutauinua sentimita 20, kama ubao wa bandarini. Kamio itapanda na nusu kilo ya mchele. Mjomba akiona, atajua kwamba siyo mchezo. Hata Kinshasa, mwaka 2013, watu waliona maroboti ya kuongoza magari barabarani, yaliyofanywa na mhandisi wa kwetu mwanamke, Thérèse Izay, na kikundi chake. Naye, tukasema, bila shaka watu walimcheka kwanza.

Siku ikafika. Wazazi walijaa uwanjani. Mjomba alisimama nyuma, mikono kifuani, sanduku la mwenzetu likiwa miguuni pake, limefungwa kamba tayari. Mmoja wetu alishika telekomandi. Kamio ikaanza. Robo ya ubao, nusu ya ubao, watoto wanapiga makofi. Karibu na mwisho gurudumu likakutana na fundo la mti. Kamio ikasimama. Yule mwenye telekomandi akabonyeza kwa nguvu, kana kwamba kidole kikikaza ndipo mota itapata nguvu. Mbele. Nyuma. Mbele. Tulisikia sauti ndogo, tak, kama mtu amevunja njugu. Halafu mota ikaanza kuimba vizuri sana, na gurudumu halizunguki. Kamio ikarudi chini taratibu, kinyumenyume, na mchele wake.

Watu walicheka. Siyo kwa ubaya, lakini walicheka. Mwenzetu hakuinua macho. Alikwenda kuchukua sanduku lake.

Mjomba hakumpa. Alikuja mbele, akapiga magoti penye ubao, akaichukua kamio, akaigeuza tumbo juu. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, “Turunevisi.” Tukampa. Akafungua ponti mwenyewe, akatoa pinyo ya mwisho. Meno mawili yalikuwa yamekwenda.

“Ni nani alifanya hii?” akauliza. Tulimwonyesha mpwa wake. Akanyamaza tena. Halafu akasema maneno haya, nasi tunayaandika kama alivyoyasema:

“Batoto, kazi ni muzuri. Lakini muliikosesha kitu moja. Mu helisi ya mota ya mashua tunawekaka kapini kamoja, ka chuma ya kulegea. Helisi ikigonga muti mu maji, kale kapini kanavunjika, na pinyo za ndani zinabaki salama. Kapini ni bei kidogo; pinyo utaifuata mpaka Kisangani. Yenu, ni kitu gani inakubali kushindwa mbele ya pinyo?”

Hapakuwa na kitu. Tulitazamana. Mwenzetu ndiye aliyesema kwa sauti ndogo: “Mkanda.” Mkanda wa mpira uliokuwa katika kopo la maziwa! Sisi tulidhani waliouweka katika DVD waliuweka kwa bei rahisi tu. Kumbe mtoto akishika kile kisanduku kwa mkono wakati kinafunga, mkanda unateleza, na meno yanapona. Tulikuwa tumeutoa kwa sababu ulikula nafasi. Tulijisifu kwamba ponti yetu ni ndogo, na udogo wenyewe ndio uliotuangusha.

Mjomba aliketi nasi chini ya mwembe mpaka jua likashuka. Wazazi wengine walikwenda, yeye bado. Ni yeye aliyesema mota isilale kando ya pinyo, ipande juu yake. Na mwenzetu akaona la pili: kapi ndogo na kapi kubwa nazo zinapunguza mbio, kwa mara 3. Basi ile jozi ya tatu ya pinyo haina kazi tena, itoke! Mkanda 3, pinyo 4, pinyo 4: hesabu ni ile ile, 48. Na mkanda unakaa mwanzoni, karibu na mota, pale ambapo nguvu bado ni ndogo na mpira unaweza kuteleza bila kukatika. Tulipopima tena, upana ulikuwa milimita 31. Ponti ilikuwa ndefu zaidi kwenda juu, hapo matofali yana nafasi ya bure chini ya mzigo.

Kuhusu sanduku la mwenzetu, mjomba alisimama, akalitazama, akafungua kamba. Alisema: “Nitamulipia trimestre moja tena. Moja. Na mu konji atakuja kwangu ku mashua.” Hatukupiga makofi, tuliogopa asibadili. Mwenzetu alikwenda mashuani wakati wa likizo, akarudi na mikono yenye grisi na maneno mengi mapya. Trimestre inayokuja hatujui. Lakini leo anakaa nasi kwenye benchi.

Kamio mpya ilipanda ubao mara 20 mfululizo na nusu kilo yake. Tulimwekea tena kizuizi kwa makusudi: mkanda ulilia kidogo, fii, gurudumu likasimama, hakuna kilichovunjika. Tulipoondoa kizuizi, ikaendelea. Mara ya 21 ilikataa, batri zilikuwa zimekwisha.

Matofali tumemregeshea Mama. Alihesabu, mawili yakakosekana, yakapatikana katika mfuko wa suruali ya mmoja wetu. Hakuna lililokatwa. Ponti imebaki kwetu, juu ya dirisha la dortwari, inangoja matofali mengine.

Tunamaliza kwa ombi. Msomaji mwenye mashine ya DVD iliyokufa nyumbani, asiitupe mtoni. Atuletee. Tunataka kufanya ponti ya pili, ili magurudumu mawili yasukume, moja kulia na moja kushoto. Na akiifungua mwenyewe kwanza, auhifadhi mkanda.

Sisi wanne wa mwaka wa tano.